Barua ya Miaka Mitatu

Barua ilikuwa imechapwa vizuri. Juu ilikuwa na nembo, chini mhuri wa bluu na saini ya haraka, kama saini za watu wenye kazi nyingi. Ilisema kwamba mimi ni dereva makini, nisiyelewa kazini, niliyeendesha semitrela kati ya Dar es Salaam na Lusaka kwa miaka mitatu bila ajali. Niliinunua kwa shilingi 60,000. Kampuni iliyotajwa ilikuwa imefungwa siku nyingi, na aliyeniuzia alinieleza kwamba ndiyo maana bei yake ilikuwa juu: hapakuwa na mtu wa kupigiwa simu.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuendesha lori nje ya uwanja wa mafunzo na barabara chache za mtihani. Lusaka nilikuwa naijua kwenye karatasi tu.

Naandika habari za barua hii kwa sababu ilinipa swali ambalo mpaka leo sijalimaliza. Mtu anapojifunza kazi inayoweza kuua, nani abebe hatari ya kujifunza kwake?

Kabla ya hapo nilikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Kwa miaka sita nilijaza fomu za makontena. Nilijua namba za malori, namba za lakiri, uzito wa mizigo na majina ya madereva, lakini malori yenyewe niliyaona dirishani. Mwaka 2020 mizigo ilipungua. Mwezi Mei Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, na ofisini kwetu simu za wateja wanaolalamika zikalia mchana kutwa, kisha zikaacha kulia kabisa. Agosti tuliitwa watu tisa. Tukaambiwa tumepunguzwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Miaka sita ni siku 42. Nilikuwa na umri wa miaka 30, mke, mtoto wa miaka miwili, shahada ya kwanza, na siku 42.

Nilichagua udereva kwa hesabu ya kikarani. Mbolea, mafuta na mashine lazima zipande kwenda Zambia na Congo. Shaba lazima ishuke kuja bandarini. Makarani wanaweza kupunguzwa, lakini kontena halijaota miguu. Leseni ya gari dogo nilikuwa nayo. Nusu ya pesa yangu ikaenda kwenye kozi ya magari makubwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, na nyingine ikaenda kwenye kupandisha leseni kuwa daraja E. Siku niliyoshika leseni mpya nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Kumbe ilikuwa inaanza. Nilizunguka yadi za Kurasini, Vingunguti, Tabata mpaka Kibaha. Asubuhi ya saa moja unakuta vijana wamekaa nje ya geti, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Mlinzi wa yadi moja alitusaidia kupunguza safari: alikuwa anauliza kabla hujafika kwenye kibanda chake.

"Uzoefu?"

"Nimemaliza kozi mwezi uliopita."

"Miaka mitatu, kaka. Chini ya hapo hata bahasha hawafungui."

Nilichukia. Nilitembea kutoka Vingunguti mpaka Buguruni nikijenga hoja kichwani kama wakili. Kila dereva mwenye uzoefu wa miaka mitatu alikuwa na siku yake ya kwanza. Siku hiyo mtu fulani alimpa funguo. Kampuni inayokataa kumfundisha yeyote, halafu inataka waliokwisha kufundishwa, inavuna shamba ambalo haikulima. Kama wote wakifanya hivyo, baada ya miaka ishirini nani ataendesha? Hoja hii bado naiona ina nguvu. Tatizo lake ni kwamba nilikuwa naijenga nikiwa nimesimama upande wangu tu wa geti.

Aliyenionyesha upande wa pili alikuwa mama mmoja wa Tabata mwenye magari mawili. Huyu hakuwa na mlinzi; alinipokea mwenyewe, akanipa kiti cha plastiki na maji. Alisoma vyeti vyangu vyote, hata cha chuo kikuu, ambacho sijui kwa nini nilikiweka.

"Mwanangu, nakuamini," alisema. "Lakini lile gari unaloliona pale ni la benki. Ukijifunzia kwangu na bahati mbaya ikatokea, benki haitaniuliza kama nilikuwa na moyo mzuri."

Sikuwa na jibu. Gari na mzigo wake kisheria vinaweza kufika tani 56. Kosa la karani linafutwa kwa wino mweupe. Mama yule hakuwa mchoyo. Alikuwa ananiambia kwamba kujifunza kwangu kuna gharama, na alikuwa anauliza, kwa adabu, kwa nini mlipaji awe yeye.

Basi, kama mlipaji si yeye, nani?

Jirani yangu wa Mbagala alikuwa na jibu lililokwisha kujaribiwa. Tulisoma kozi moja. Yeye alinunua barua mapema, akaajiriwa wiki mbili baadaye, na wakati mimi nazunguka mageti tayari alikuwa amekwenda Ndola mara mbili na kurudi. "Wote wameanza hivi hivi," aliniambia. "Unadhani wale wazee walizaliwa na usukani? Barua inafungua mlango tu, kaka. Ukishaingia, unajifunza." Ndiye aliyenipeleka kwa muuzaji.

Ilifungua mlango kweli. Kampuni ya tatu niliyoipelekea ilinipa jaribio. Waliniambia nirudishe tela nyuma kati ya mapipa mawili, na jambo hilo chuoni tulilifanya mpaka tukaliota. Msimamizi wa magari, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitazama barua, akaitazama tela iliyosimama wima katikati ya mapipa, akasema, "Sawa. Kesho jioni mbolea itakuwa imepakiwa. Tunduma, halafu utavuka."

Usiku ule nyumbani tulikula vizuri. Mke wangu ni mtu wa Iringa. Mlima Kitonga anaujua tangu anapanda basi kwenda shule. Amekwisha kukaa saa saba pale chini akisubiri lori lililolala barabarani liondolewe. Alikuwa anaosha vyombo aliponiuliza, bila kugeuka, "Wakati wa kurudi utashuka Kitonga na shaba?"

"Ndiyo. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Tumefundishwa."

"Na breki zikikataa pale juu, ile barua utamwonyesha nani?"

Hakusema zaidi. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa miezi miwili, na yeye ndiye aliyekuwa anakutana na mwenye nyumba kila asubuhi. Lakini mimi sikulala. Mawazo yangu yalifika chini ya mlima, Ruaha Mbuyuni, pale akina mama wanapouza vitunguu kando ya barabara. Nimepita pale kwa basi mara nyingi. Wanakimbilia madirisha na ndoo zao, wanacheka, wanapunguza bei basi likianza kuondoka. Nilikuwa nimewaza kwamba barua ile inamdanganya msimamizi na mwenye kampuni, watu wenye bima na mawakili. Usiku ule niliona kwamba nao walikuwa wamedanganywa, lakini gharama haikuwa yao peke yao. Sehemu kubwa ya hatari ilikuwa imehamishiwa kwa mama wa vitunguu, ambaye hakuisoma barua, hakuulizwa, wala hakupewa hata shilingi moja katika zile 60,000.

Chuo kikuu nilisoma falsafa kama somo la hiari, na kitu kimoja kilikuwa kimebaki kichwani. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walichapisha insha mbili zenye jina moja, kuhusu bahati katika maadili. Wote wawili walimtumia dereva wa lori kama mfano. Williams anamwaza dereva ambaye, bila kosa lake lolote, anamgonga mtoto na kumuua. Watu watamfariji kwamba hakukosa, na watakuwa wanasema kweli. Hata hivyo, dereva akifarijika haraka mno, tutaanza kumtilia shaka. Nagel anaongeza dereva aliyezembea kidogo, ambaye kwa mfano hakukagua breki zake kwa muda. Mtoto akitokea barabarani, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote. Asipotokea, atafika nyumbani ale, alale, na uzembe wake utabaki ni ule ule. Nilipousoma mfano huo darasani, dereva wa lori alikuwa mtu wa kwenye kitabu tu. Sasa funguo zilikuwa zangu.

Sisi tuna msemo wetu: ajali haina kinga. Tunausema msibani, na pale ni sawa, maana unamtua mtu mzigo ambao hauwezi kumsaidia marehemu. Lakini nilijiona nausema kabla ya safari, na ukisemwa kabla ya safari ni kitu kingine kabisa. Unakuwa ruhusa.

Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza. Sitaki msomaji anipe sifa nisizostahili. Sikusema kweli kwa sababu ya ushujaa. Nilisema kwa sababu niliuogopa Mlima Kitonga. Kama mzigo ungekuwa magodoro ya kupeleka Morogoro, nadhani barua ile ingekuwa bado kwenye faili lao, nami ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

Mzee hakunipongeza. Alivua miwani, akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama najua gari likichelewa kupakua Zambia nani anakatwa. Kisha akaichana barua vipande vinne na kuniambia nitoke. Getini nilimpita dereva aliyeitwa haraka kuchukua mzigo wangu, mtu wa makamo, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Alikuwa amesikia kila kitu; dirisha lilikuwa wazi.

"Umejifukuza kazi mwenyewe, mdogo wangu," alisema.

"Ndiyo, bro."

"Nipe namba yako."

Alinipigia baada ya wiki tatu. Utingo wake alikuwa ameondoka. Kwa asiyejua, utingo ni msaidizi wa dereva: anafunga turubai, anagonga tairi kusikiliza kama zina upepo, anapika, analinda mafuta usiku yasinyonywe, na gari likikosa nguvu mlimani anaruka na kigingi kukiweka nyuma ya tairi. Dereva ndiye anayemchagua na kumlipa kutoka kwenye posho yake. Vijana wengi wanaianza kazi hii wakiwa na miaka 18. Mimi niliianza nikiwa na 30 na shahada. Mama yangu mzazi aliposikia alinyamaza, halafu akasema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Sikujua kama ananitia moyo au ananisikitikia.

Kwenye kile kiti cha kushoto nilijifunza yale ambayo barua ilidai nayajua. Nilijifunza kwamba breki zinazopata moto zinatoa harufu kabla hazijatoa moshi, na dereva mzuri ananusa mlima. Nilijifunza kukaa kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza bila kupandisha hasira, kupita Mikumi kwa mwendo wa pole hata kama barabara ni tupu, kwa sababu tembo hawasomi alama za barabarani. Safari ya kwanza ya kushuka Kitonga na shaba dereva hakuongea neno. Alipunguza gia tukiwa bado juu kabisa, mahali ambapo mimi ningesubiri kidogo. Tulishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Tulipofika Ruaha Mbuyuni alisimama, akanunua ndoo ya vitunguu, akaniambia, "Pale ulipodhani bado mapema, ndipo mahali penyewe."

Mwezi wa tano, asubuhi moja kati ya Mafinga na Makambako, gari likiwa tupu na barabara imenyooka, alisimamisha pembeni akashuka. Alizunguka akaja upande wangu. "Hamia kule."

Niliendesha kilomita kumi na mbili. Mikono ilitoka jasho mpaka usukani ukawa unateleza. Yeye alikaa mbele kidogo ya kiti, hakuegemea, jicho moja kwenye kioo, na alisema maneno matatu tu njia nzima: "Mwache apite. Mwache."

Lazima niwe mkweli hapa pia. Leseni nilikuwa nayo, lakini mwenye gari hakujua kwamba utingo ameshika usukani. Tulikuwa tumetoka kwenye uongo mkubwa tukaingia kwenye siri ndogo. Na wale waendesha pikipiki tuliopishana nao karibu na Nyororo hawakuulizwa, kama vile mama wa vitunguu hakuulizwa. Kwa hiyo kuna siku nimejiuliza: tofauti iko wapi? Mwanafunzi ni yule yule, barabara ni ya umma ile ile.

Nadhani tofauti iko hivi. Hatari ya mtu kujifunza haiwezi kuondolewa duniani. Daktari, rubani na dereva, kila mmoja alikuwa na wa kwanza wake. Ila mtu anayejua kwamba hujui anaweza kuipanga hatari hiyo. Dereva wangu alichagua asubuhi badala ya usiku, tambarare badala ya mlima, gari tupu badala ya tani 30, kilomita kumi na mbili badala ya elfu moja. Alichagua hivyo kwa sababu alikuwa amesikia kupitia dirishani kwamba mimi sijui. Barua ya miaka mitatu ingemnyima nafasi hiyo. Ingemfanya msimamizi anipe mlima, usiku na mzigo, akiamini anampa mtu mwingine. Mama wa vitunguu hawezi kuniuliza maswali. Anawategemea wanaoweza kuniuliza, na mimi nilikuwa nimewaziba macho hao ndio.

Siri yetu kwa mwenye gari inabaki kuwa doa katika hoja yangu. Siifuti. Nilimwuliza dereva wangu siku moja kwa nini hasemi ofisini, akajibu kwamba akisema watamkataza, na wakimkataza hakutakuwa na dereva mpya hata mmoja anayejifunza kwa utaratibu. Watabaki wanunua barua. Kama hilo ni kweli, basi kosa si la madereva peke yao. Kampuni zinazotaka miaka mitatu bila kuuliza ilipatikana wapi zinajua, au zingejua zikitaka, soko la barua linalolishwa na sharti lao. Kiti cha kushoto kipo katika karibu kila lori linalopanda kwenda Tunduma, na kingeweza kuwa darasa linalotambulika, lenye saa zake zilizoandikwa. Sasa hivi ni darasa la kujificha.

Kazi yangu ya kwanza ya udereva niliipata baada ya miezi kumi na moja ya utingo. Haikuwa semitrela. Ilikuwa Fuso ya kubeba viazi kutoka Njombe kuja Dar es Salaam, ya mzee mmoja ambaye dereva wangu alimpigia simu mbele yangu. Wawili kabla yake walikuwa wamekataa. Mzee aliniuliza uzoefu, nikamwambia: utingo miezi kumi na moja, usukani kidogo, kwa kuibia, chini ya macho ya fulani. Alicheka. Alinipa safari mbili za mchana, mtoto wake amekaa pembeni, kabla hajaniachia gari. Semitrela ilikuja mwaka uliofuata.

Jirani yangu wa Mbagala bado anaendesha. Hajapata ajali hata moja, amejenga, na ni dereva mzuri kuliko mimi. Tukikutana ananitania kwamba nilipoteza mwaka mzima wa mshahara kwa sababu ya swali la mke wangu. Siwezi kumwonyesha mtu yeyote aliyeumia kwa sababu yake, kwa kuwa hayupo. Dereva wa Nagel alifika nyumbani salama. Naamini bado kwamba alichukua kitu kisichokuwa chake kwa watu waliokuwa kando ya barabara, na kwamba waliponea bahati, si busara yake. Lakini naamini hivyo nikiwa na deni la kodi lililonichukua miaka miwili kulilipa, na mke wangu ndiye aliyeliomba muda.

Mwezi uliopita utingo wangu, kijana wa miaka 22, alinijia na ombi. Ameshapata daraja E. Alitaka nimwandikie barua ya uzoefu. Miaka mitatu, alisema, akitazama chini.

Nilimwandikia usiku ule ule, kwenye karatasi ya daftari, tukiwa foleni Tunduma. Niliandika kwamba amekuwa utingo wangu miezi minane; kwamba ananusa breki kabla yangu; kwamba ameendesha gari tupu mbele ya macho yangu kilomita kama mia mbili, zote mchana, na kwamba mlima bado. Chini niliweka jina langu na namba yangu ya simu.

Aliisoma mara mbili chini ya taa ya kibanda cha chipsi.

"Bosi," alisema, "hii haitanipa kazi."

"Huenda," nilimwambia. "Lakini wakipiga simu, nitapokea."

Aliikunja vizuri, akaitia kwenye bahasha yake ya kaki pamoja na leseni, akaenda kukagua turubai.